Kijaluba cha Nassor

Mwezi uliopita nilikwenda Jambiani kumtazama binti yangu aliyejifungua, na asubuhi, nimekaa barazani na kikombe changu cha chai, nikamwona mzungu mmoja anatembea ufukweni kainamisha kichwa. Mkononi ana fimbo yenye kisahani chini, masikioni kaziba vibakuli. Anakwenda kidogo, anasimama, anachutama, anachimba kwa kijiko, anatoa kifuniko cha soda, anakipangusa, anakitia mfukoni. Mkwe wangu akanambia kwa heshima zote, "Mama, yule anatafuta sarafu za kale. Akizipata anazisafisha, anazipeleka kwao." Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Mkwe wangu akadhani nimefurahi. Wala sikufurahi. Nilikuwa nimemwona Ami Shaali, Mungu amsamehe maana mie nimeshindwa, mzima mzima, ila huyu alikuwa mwekundu na amevaa kaptura.

Ami Shaali alikuwa ndugu mdogo wa baba yangu. Baba alipofariki alihamia kwetu ili atuangalie, na kweli alituangalia. Alikaa kitako kwenye kiti cha marehemu, mguu juu ya mguu, akatuangalia mama anavyofua nguo za watu na mie ninavyoteka maji. Tulikuwa tunakaa Malindi, chini ya nyumba ya mawe, vyumba viwili na ua, tangu kabla sijazaliwa. Mwenye nyumba aliondoka nchini baada ya Mapinduzi na juu wakaingia watu wengine, lakini ule ua ulibaki wetu, na mwasmini wake uliotambaa ukutani, na kuku wetu wawili watatu wakichakura chini yake.

Nyinyi wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ile, sina haja ya kuwasimulia foleni za mchele. Mnakumbuka pia watu walivyokuwa wakiondoka bila ya kuaga. Kaka yangu Nassor alikuwa mmoja wao. Asubuhi moja alichukua kikapu, akasema anakwenda Kizimkazi kwa rafiki yake, akambusu mama mkono kwa namna ambayo mtu anayekwenda Kizimkazi hambusu mtu mkono. Ikapita miezi, ndipo tukasikia kwa mdomo wa watu kwamba kafika Arabuni salama. Mama hakulia mbele za watu, kwa sababu kilio kingeulizwa kina nini. Alilotaka duniani lilikuwa moja tu, mwanawe arudi, na alikuwa na dawa yake ya kujituliza. Akichambua mchele au akishona kiraka, ghafla utamsikia anasema peke yake, "Atarudi. Kitovu chake kimo humu." Na kidevu chake kinaelekea kwenye mwasmini.

Mie nikienda chooni nikijifunua nguo nikikitazama kitovu changu, nakiona kiko palepale katikati ya tumbo. Nikasema basi mama huzuni imemchanganya. Nassor kaondoka na tumbo lake zima, kitovu kitabaki vipi Malindi? Sikuthubutu kumuuliza.

Sasa ndipo ilipoingia ile mashine. Ami aliileta mchana, imefungwa gunia, akaifungua ukumbini kama anayefungua sanduku la bibi harusi. Fimbo ndefu ya chuma, chini yake sahani pana kama kifuniko cha sufuria, kasanduku ka kuning'iniza begani na vibakuli viwili vya kuziba masikio. Alisema Waingereza walikuwa wakiitumia kunusia mabomu vitani. Alikuwa ameipata kwa jamaa mmoja wa Darajani, na badala yake kampa baiskeli ya marehemu baba. Baiskeli ile mama alikuwa akiipaka mafuta kila mwezi, anamwekea Nassor.

"Umeitoa baiskeli?" mama akauliza.

"Shemegi, baiskeli itakufikisha Bububu. Hii itakufikisha Makka."

"Mie sikukwambia nataka kwenda Makka na fimbo."

"Wanawake," akasema Ami, akimtazama paka, maana hapakuwa na mwanamme mwingine wa kumwambia.

Lazima niseme ukweli, hakuwa peke yake katika wendawazimu ule. Mji mzima uliugua. Kila aliyeondoka, watu walishika kwamba kafukia mali chini ya sakafu, mareale, mapauni ya dhahabu, vikuku vya wake zake. Ukipita kwenye baraza za kahawa unawasikia watu wazima, ndevu mpaka kifuani, hawana kanzu ya pili ya kubadilisha, wanabishana kisanduku cha fulani kimefukiwa chini ya ngazi au chini ya kisima. Na wanavyobishana utadhani wao ndio waliomshikia taa. Kefule! Wengine wao walikula kwenye nyumba hizo sikukuu zote, wakapewa kanzu na viatu, na sasa wanangoja usiwepo mtu wazibomoe sakafu zake.

Ami alianzia mbali, kwa kuogopa askari. Alinichukua mie nimbebee kikapu, tukapanda gari la shamba mpaka Kizimkazi, akawa anapita pwani na vibakuli vyake masikioni, watoto wa kijiji nyuma yake wanamfuata wakizomea. Mashine ililia kwa misumari, kwa ndoana, kwa kipande cha sufuria. Kila ikilia Ami alikuwa akifumba macho kama anayesikia adhana. Mwisho, karibu na mahali maji yalipoumega udongo, ilitoa vijisarafu. Si uongo, alivipata. Vidogo kama magamba ya samaki, vyembamba, vyeusi, vingine vya kijani, na ukivielekeza juani unaona juu yake maandishi ya Kiarabu, mistari miwili mitatu iliyobanana.

"Nenda kavisugue," akanambia tulipofika nyumbani. "Vitoe macho. Nani atanunua uchafu?"

Kusugua shaba, hapo alipata mtu wake. Mnajua wenyewe tulivyolelewa. Mwanamke wa mjini alikuwa akihukumiwa kwa masinia yake. Wageni wa sikukuu wakiingia macho yao ya kwanza kwenye shaba, kwenye tasa na mabirika na vinara, na ole wake mwenye sinia ambalo halikuonyeshi meno yako. Toka mdogo nilijua ukwaju uloweke mpaka ulainike, uupake mzito, uuache unyonye, kisha majivu ya kuni yaliyochekechwa na kumbi la nazi, usugue kwa kuzungusha, na ndimu mwisho. Harufu ile ya ukwaju na shaba ilikuwa ikinikaa vidoleni siku nzima, kali na tamu, hata ugali nikila naisikia. Wala haikumpitikia mtu yeyote katika nyumba yetu, wala mtaa wetu, kwamba kuna shaba duniani isiyotaka kusuguliwa.

Basi nikavisugua. Kutu ya kijani ikatoka, na maandishi yakatoka pamoja nayo, yakayeyuka kama sukari. Vilipokauka vilikuwa vyekundu, laini pande zote mbili, vinang'aa vizuri ajabu. Ami alivibusu kimoja kimoja. Akavaa kofia yake ya viua, akanishika mkono, tukenda navyo kwa sonara Mkunazini, Mhindi mmoja mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Sonara akavimwaga kiganjani, akavitazama, akamtazama Ami.

"Shaali, umeniletea vifungo vya koti?"

"Sarafu hizo! Za masultani wa zamani!"

"Sultani gani? Nionyeshe jina lake."

Ami akavigeuza. Akavigeuza tena. Sonara akamrejeshea kwenye karatasi ya karanga na akaendelea na pete aliyokuwa akiitengeneza. Tulipofika Mchangani Ami akasema sonara yule ana husda. Hilo ndilo funzo alilopata. Kwamba labda alikuwa na kitu mkononi na yeye mwenyewe ndiye aliyeamrisha kifutwe, hapana, halikuingia katika kichwa kile, ambacho kilikuwa kikubwa na kilipata kofia nzuri.

Mashine ikamaliza betri. Betri wakati ule ulikuwa huzipati hata ukiomba dua. Nyumbani kulikuwa na betri mahali pamoja tu, kwenye redio ya mama. Mama alikuwa na desturi, jioni akishafunga mlango, anaifungua redio chinichini, anatafuta stesheni za Arabuni, anasikiliza watu wakitumiana salamu. Kiarabu chenyewe hakijui ila cha kusalia. Alikuwa anasikiliza majina. Siku moja akaifungua redio, kimya. Akaigeuza nyuma, akaona tundu tupu.

"Shaali, betri zangu?"

"Nimeazima, shemegi. Kwani mle redioni mna nini? Makelele."

Mama aliirudisha redio kwenye rafu na kuifunika kitambaa chake cha kudarizi, akaenda kulala mapema.

Ilikuwa Ijumaa. Mama alikuwa ameondoka mapema kwenda kupanga foleni. Adhana ikaadhiniwa, wanaume wa mtaa wakapita na kanzu zao zimepigwa pasi, wananukia, na Ami Shaali, ambaye alikuwa akitupiga sisi kwa kuchelewa alfajiri, akajitokeza dirishani akashika kiuno. "Leo nnaumwa," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. "Kiuno! Niombeeni dua." Mtaa ulipobaki mtupu kiuno kikapona. Akavua shati, akaning'iniza kisanduku begani, akaingia uani.

Alipita ukuta wa kwanza, kimya. Alipita karoni, ikalia kwa bomba. Alipofika kwenye mwasmini mashine ikapiga ukelele hata mie niliyesimama mbali nikausikia.

"Rukia! Leta jembe!"

"Ami, mama atagomba. Mwasmini wake."

"Mama yako atanunua shamba zima la mwasmini. Leta jembe, mwana we!"

Akachimba. Akakata mizizi, mwasmini ukalala upande, maua yake yakaingia tope. Mie nilikuwa nazoa udongo kwa kikapu, na sitaki kujifanya mtakatifu, moyo ulikuwa ukinidunda kwa tamaa kama yeye. Nilijiona nishavaa viatu vyekundu. Jembe likagonga. Ami akapiga magoti, akasema "Bismillahi," ndiyo sala aliyoisali Ijumaa ile, akatoa kifurushi cha turubai kilichooza, na ndani yake kijaluba cha shaba, kile kisanduku kidogo cha kutilia tambuu, kimeota kutu chote.

Akakifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na kitambaa kilichogeuka rangi ya chai. Ndani ya kitambaa sarafu moja, ile pesa kubwa ya shaba ya zamani yenye picha ya mizani. Na kitu kingine cheusi, kikavu, kimejikunja, kidogo kama kipande cha tangawizi kilichosahauliwa jikoni. Ami alikishika kwa vidole viwili, akakinusa, akatema mate.

"Takataka gani hii?" akasema, akakitupa nyuma yake.

Kuku wetu mwekundu alikuwa papo hapo anangoja wadudu wa udongo mpya. Akakidaka, akakimbia nacho nyuma ya tangi, wenzake wanamfukuza, na nilimwona akinyoosha shingo akimeza.

Ami alichimba mpaka magoti yakazama, hakupata kingine. Akanipa pesa na kijaluba nivisugue. "Hii ni alama," akasema. "Mwenye nyumba katia alama, mali yenyewe iko chini yake." Nikasugua kwa moyo wangu wote. Mizani ilikuwa inatokeza vizuri, nikasema niiachie hapo, lakini Ami akasema zidisha, nikazidisha. Nikavipanga juu ya sinia ili mama akiingia avione.

Mama akaingia, kapakata mchele wake, jasho linamtoka. Aliuona mwasmini kwanza. Kisha shimo. Kisha akaliona sinia, na kijaluba kimekaa juu yake kinameta kama siku ya Idi.

"Nipongeze, shemegi," akasema Ami, kiunoni mikono yote miwili, kiuno kizima.

Mama aliuweka mchele chini, akakichukua kijaluba, akakifungua, akatia kidole ndani akazungusha.

"Kilichokuwamo humu kiko wapi?"

"Pesa? Hiyo hapo."

"Chengine."

"Lile gome? Nshalitupa zamani."

Mama akapiga magoti shimoni. Akaanza kuchambua udongo kwa vidole, chembe kwa chembe, vile vile anavyochambua mchele, na machozi yanamtiririka bila sauti. Mie nikayaona machozi nikadhani ni furaha, nikadhani hata mama yangu, mama yangu huyu, naye kumbe mali inamliza. Nikaona aibu kwa ajili yake, kisha nikapiga magoti pembeni nimsaidie.

"Mama, hamna pesa nyengine, nishaangalia pote."

"Sitafuti pesa, mwanangu."

"Unatafuta nini?"

"Kitu kikavu. Kidogo hivi. Cheusi."

"Aa, kile?" nikasema, na nilifurahi kumpunguzia kazi. "Kile kala kuku."

Mama akatoa mikono udongoni. Akakaa pale pale shimoni, akanitazama, akamtazama kuku, ambaye alikuwa kwenye karo anajikuna. Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta, kwamba kile kilikuwa kitovu cha Nassor, kilipokatika mkunga alikifunga kitambaani na pesa moja ili mtoto asikose riziki pale alipozaliwa, na kijaluba alikitoa bibi yangu mzaa baba, mama wa Shaali mwenyewe. Shaali alikuwapo siku hiyo. Alikuwa keshabaleghe, alishika tochi.

Ami akakuna kichwa. Nilingoja aanguke miguuni mwa mama. Nilikuwa mtoto, nilidhani watu wazima wakikosa huanguka.

"Sasa mie ningekumbuka vipi?" akasema. "Na kwani ni nini? Kitovu tu. Kijana mwenyewe keshaota ndevu. Mchinje kuku basi, umtafute mle ndani, na sisi tupate mchuzi."

Na akacheka. Wallahi alicheka.

Mama aliinuka, akanawa, akaenda ukumbini, akakichukua kile kiti cha baba, akakitoa mlangoni, akakiweka barabarani. "Hicho nakupa," akamwambia. "Kakalie pengine." Watu walikuwa ndiyo wanatoka msikitini, sala ya alasiri. Ami akasema nyumba ni ya ndugu yake, akasema atamwita sheha, akasema mengi, lakini aliyasema akiwa nje, hana shati, mbele ya jamaa waliokuwa wakimwombea dua ya kiuno. Aliondoka na mashine yake na ile pesa. Pesa aliitoa kwa jasho lake, alisema. Nasikia aliitembeza mji mzima na hakupata mtu wa kuitaka, maana mizani yenyewe ilikuwa imebaki kivuli.

Kuku mwekundu hakuchinjwa. Mama alimlisha kwa mkono wake, mchele wa foleni, wakati sie tunakula mhogo. Usiku alilala jikoni chini ya tenga lake peke yake. Nilimchukia kuku yule. Majirani wakija mama alikuwa akisema anataga vizuri, na hakuwahi kutaga hata yai. Alipokufa kwa uzee mama alimfunga kitambaa cheupe, akatia kijaluba ubavuni mwake, akamzika kwenye mwasmini, ambao ulikuwa umeshachipua upya. Habari zikafika kwenye baraza za kahawa, na Ami Shaali akawa anazisimulia huku anapiga mapaja: Bi Salma kamkafini kuku! Watu wakacheka. Wale wale waliovunja sakafu za watu.

Mama akarudia kusema, akichambua mchele, "Atarudi. Kitovu chake kimo humu." Mie nikawa sasa naelewa, na nikitamani nisielewe.

Nassor alirudi. Wakati huo mie nina watoto, na mama keshahamia kwangu Mpendae, miguu haimchukui. Wengi walikuwa wakija wakati ule, wengine wakikaa miezi, wengine wakabaki kabisa. Yeye alikuja na sanduku moja na saa kubwa ya mkononi. Alikaa hotelini kwa sababu nyumbani kwangu, alisema, joto. Nilimpeleka Malindi akaona ua, akasema, "Lo, kumbe kadogo hivi!" na akapiga picha. Mama alimsimulia habari ya kijaluba na kuku, tangu mwanzo hadi mwisho, mkono wake umeushika wa mwanawe, na Nassor akacheka kicheko ambacho nilikitambua mara moja, maana nilishakisikia uani. "Mama, bado tu mnaamini mambo haya?" Alikula pilau, alikula mikate ya kumimina, aliuliza bei ya viwanja, na kabla wiki haijesha akasema ana shughuli.

Teksi ilipoondoka mama alibaki mlangoni muda mrefu. Nilimngoja alie. Hakulia.

"Usimlaumu, Rukia," akasema. "Kimepita tumboni mwa kuku. Ndiyo maana kaja kudonoa tu akaondoka. Mwenye makosa ni Shaali."

Ndege zilikuwa zikitua kila siku. Watu ambao vitovu vyao hawajui hata vilikotupwa walikuwa wakishuka, wakiwakumbatia mama zao, wakibaki. Yote hayo niliyajua na yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni Shaali."

Ami Shaali alikuwa keshakufa, amelala Mwanakwerekwe. Katika yote niliyowahi kumtupia, na nimemtupia mengi, hilo ndilo pekee ambalo halikuwa lake, na sikuona haya hata kidogo kumtwisha.